Paulo Sokoni, Wewe Westlands

Andiko la wiki: Matendo ya Mitume 17:16–23, Luka 14:28–30, Yakobo 2:1–4



Tumfuate Paulo mjini Athene. Yuko peke yake, anawangoja Sila na Timotheo. Si angejifungia nyumbani aombe mpaka wenzake wafike? Paulo akatoka. Akazunguka mjini, akaangalia, na kila siku akawa sokoni akiongea na yeyote aliyemkuta huko. Kwa hivyo mpendwa, kuenda kutembea mjini si dhambi. Swali ni hili: unatembea na macho gani?

Sisi wa Kibera na Kawangware tuna Athene yetu. Kutoka Kawangware, wengi wetu huenda Westlands kwa miguu. Kutoka Kibera, Upper Hill si mbali, na jengo la Britam pale linaenda juu karibu mita 200. Sarit iko Westlands tangu 1983. Na tusisahau, ndugu zetu wa mjengo ndio walibeba simiti ya ghorofa hizo. Dada zetu ndio wanapiga deki kabla wakubwa hawajafika. Walinzi wengine wa milangoni tunaimba nao hapa Jumapili. Basi usiingie kule ukinyemelea kama mwizi. Ingia, uangalie.

Kwanza, angalia mpaka ndani. Paulo hakuishia kushangaa sanamu. Alichunguza mpaka akasoma maandishi ya madhabahu moja. Na wewe soma bei, halafu ujiulize inalipia nini. Zile taa, lifti, walinzi na kodi ya duka, zote anazilipa mnunuzi. Ziko ndani ya bei ya shati. Mwenye kibanda Toi Market hana lifti ya kulipia.

Tena, mng'aro si ushahidi wa mali. Mnamkumbuka yule ndovu wa Nakumatt? Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Januari 2020, waliokuwa wanaidai walipiga kura ifungwe. Sisi tulikuwa tunaona taa na rafu. Deni halikuwekwa kwa rafu tulione.

Pili, piga hesabu. Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia msingi na kuchekwa. Haya, tuketi. Tuseme simu ni shilingi 20,000. Wewe unachukua ya lipa mdogo mdogo: unaweka 4,000, halafu 80 kila siku kwa mwaka mmoja. 80 mara siku 365 ni 29,200. Ongeza ile 4,000, umelipa 33,200. Hiyo 13,200 ya juu ulimpa nani, na kwa nini? 80 kwa siku inaonekana kama pesa ya chai, lakini ni karo. Kuna nyumba ambapo mtoto amerudishwa kutoka shule, na simu ya baba inalipwa kila jioni bila kukosa. Baba, mama, Mungu anaiona hesabu hiyo.

Sisemi usinunue kitu kizuri. Nasema usikope ili watu wa Westlands, ambao hata hawajui jina lako, wakuone.

Tatu, tujiangalie sisi wenyewe. Wengi mnajua uchungu wa kufika mlangoni, mlinzi akaanza na viatu vyako, vikiwa na matope ya Kibera, kabla ya kukuangalia uso. Unarudi nyumbani umenyamaza. Sasa fungua Yakobo 2. Yakobo anasema na kanisa, si na wenye maduka. Mtu akiingia hapa na suti, tunamkimbizia kiti cha mbele. Mama akiingia na leso na sandali za mvua, tunamwonyesha nyuma. Wahudumu wa mlangoni, na sisi wachungaji, neno hili ni letu. Hatuwezi kulia juu ya mlango wa Westlands na wetu uko vivyo hivyo.

Wiki hii tufanye mambo matatu. Andika kila deni ulilo nalo, hata la simu, na jumla yake. Mwonyeshe mke, mume au mtu mzima unayemwamini. Na Jumapili ijayo, aliye na nguo duni kuliko zote akaribishwe kwanza.

Ukienda mjini, tembea kichwa juu. Bei yako ilishalipwa msalabani, na haiko kwenye dirisha la duka lolote.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona kama Paulo. Vunja nira ya madeni katika nyumba zetu, na utufundishe kumpokea kila mtu kama ulivyotupokea. Katika jina la Yesu, amina.