Ngoja Nitakuita

Kijana mmoja wa Laela alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa na kusaga mahindi mjini Sumbawanga. Mkataba wa maandishi hakuwa nao. Mshahara uliingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Msimu mmoja wa mavuno, magunia mawili hayakuonekana. Tajiri hakuita kikao wala kumsikiliza. "Nenda nyumbani. Ngoja hasira zipoe, nitakuita."

Akangoja. Baba yake mkubwa alikwenda kumwombea, akarudi na maneno yale yale. Baadaye ikajulikana magunia yalipakiwa kimakosa kwenye lori la Tunduma. Hata hivyo hakuitwa. Hela ilipokata akauza simu, na meseji zote za mshahara zikaenda nayo.

Alipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, siku hamsini zilikuwa zimepita. Kwa kanuni za mwaka 2007, anayepinga kuachishwa kazi hufungua mgogoro ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu ya msingi. "Niliambiwa ningoje," akajieleza. Maombi yakakataliwa.

Kinachouma ni kwamba angeweza kushinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Hata mkataba wa maandishi usipokuwapo, masharti ya kazi yakibishaniwa ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha. Mfanyakazi kaachiwa mambo mawili tu: kuwahi, na kuonyesha kwamba aliajiriwa na akaachishwa.

Basi ukiambiwa usirudi kazini, andika siku hiyo hiyo tarehe na maneno uliyoambiwa. Chukua taarifa ya miamala ya simu, kitambulisho cha kazi, daftari la zamu. Mtafute mwenzako atakayekuja kusema alichokiona, si alichosimuliwa. Jaza fomu namba moja ya CMA, nakala mpe mwajiri, na uwe na uthibitisho kwamba kaipokea. Ukipangiwa tarehe, fika. Usipotokea, shauri laweza kufutwa.

Kufungua shauri si kukata undugu na tajiri: hatua ya kwanza CMA ni usuluhishi, na mkipatana, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Wazee wakitaka kwenda kuzungumza naye, waende. Lakini waende fomu ikiwa imeshagongwa muhuri.