Ndiyo ya Mdomoni

Juzi nilikuwa naweka zana za kutungia programu za Java, zile ziitwazo JDK, kwenye kompyuta chakavu ya kaka yangu inayoendeshwa na Linux. Alikuwa ameambiwa na wenzake achukue toleo la 8 la Oracle. Kabla ya kulipakua nikakuta kisanduku kidogo: tia alama kuonyesha umepitia masharti na kuyakubali. Nikatia. Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Kaka akacheka, "We naye! Nani anayasoma hayo?"

Nikacheka pia, lakini usiku usingizi ukanipaa. Ndugu msomaji, hebu tuulizane: ukisema "ndiyo" bila kujua unakubali nini, hiyo ni ahadi, ni uongo, au ni kelele tu?

Kaka ana hoja. Masharti ni marefu, tena kwa Kiingereza cha mawakili. Anayekuuliza anajua hujasoma, nawe unajua kwamba anajua. Sasa nani kamdanganya nani? Nakiri, hoja ina nguvu. Ila wawili wakipatana kudanganyana, uongo haugeuki kuwa kweli. Umepata wenyewe wawili, basi.

Na masharti yana meno. Mwaka 2019 Oracle ilibadili leseni: masasisho mapya ya toleo hilo la 8 yakabaki bure kwa matumizi binafsi, lakini biashara zikatakiwa kulipia. Aliyeendelea kubonyeza kwa mazoea alikubali jambo jipya kwa neno la zamani.

Iko njia nyingine. Sun, kampuni iliyounda Java, ilitangaza mwaka 2006 kuiachia chini ya leseni ya GPL, na hapo ndipo ilipotoka OpenJDK. Kwenye Debian unaandika amri moja: apt install default-jdk. Nayo inauliza kama tuendelee, lakini kwanza inakutajia vitakavyowekwa na nafasi vitakayochukua. Hiyo ni "ndiyo" yenye macho. Leseni yenyewe haikudai ukubali chochote ili kuiendesha tu programu. Inakubana pale unapoigawa au kuigeuza. Huo naona ni uungwana: neno lako linatakiwa pale tu unapogusa haki ya mwingine.

Kwa nini nawaletea haya, waandishi wenzangu? Miaka miwili iliyopita nilitia sahihi karatasi ya mchapishaji mmoja bila kuisoma, kwa kiherehere cha kuona jina langu limechapwa. Leo hadithi ile si yangu tena. Nilitaka kulalamika, nikakumbuka: mkono ulikuwa wangu. Ni kweli, yeye alinufaika na haraka yangu, na hilo ni kosa lake. Lakini kosa lake haliwezi kunifutia sahihi.

Sisi tunataka kuishi kwa maneno. Tunataka mtu asiyetujua atuamini tukimwambia mvua ilinyesha siku ile. Tukilizoeza neno dogo kama "ndiyo" kutoka bila maana, hayo makubwa yatasimama juu ya nini?

Nimeyasoma yale masharti, jioni nzima, kamusi pembeni. Mengine hayakuniingia. Nikaifuta JDK ile, nikaweka OpenJDK. Kaka ananiita mshamba. Sawa, bwana, ila safari hii najua nimekubali nini.