Anwani ya Nyali

Barua ya kuomba kazi ya ukarani kwa wakili mmoja mjini ilinikwamisha kwenye anwani. Kwetu ni Ziwa la Ng'ombe. Lakini tangu uchaguzi wa 2013 wadi yetu iko ndani ya eneo bunge la Nyali. Nikiandika "Nyali" sijadanganya. Msomaji ataona majumba ya ufuoni; hataona wale vijana wa mapanga anaowasoma gazetini.

"Andika Nyali bwana," binamu yangu akasema, "si ramani iko upande wako?"

Iko, kweli. Ila shahidi kortini haapi kusema ukweli tu. Huapa kusema ukweli wote. Nami kwenye wasifu nilishaandika "Chuo kikuu, 2019–2021", bila kusema niliacha.

Halafu nikakasirika. Mtoto wa tajiri haulizwi mtaa, na huenda babake ameshapiga simu. Mbona ukweli wote tudaiwe sisi wenye njaa?

Mwishowe niliandika Ziwa la Ng'ombe. Ile miaka ya chuo sikuigusa. Intavyu ni Jumatatu. Mbele ya kioo nimeyafanyia mazoezi majibu yote, isipokuwa la cheti.