Zakayo Alisema Mambo Mawili

Tangu lile fundisho la Zakayo, kuna swali ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani aliniuliza na limeninyima usingizi. Mtu akisaidia wengine kwa sababu dhamiri inamsuta, huo ni upendo ama anajinunulia amani tu?

Nilimjibu pale pale. Mwenye njaa hakuulizi umempa kwa nini; akila, ameshiba. Bado naamini hivyo. Lakini jibu lilinitoka haraka mno, na najua sababu. Lilinifaa.

Wengi mnanijua kama yule mzee wa kulipia watoto karo. Msichojua ni kwamba kabla sijaokoka nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa, huku Embu. Msimu mkubwa, Oktoba mpaka Disemba, foleni ni ndefu na mvua inanyesha, nani ataangalia mizani? Mkulima analeta kilo 42, naandika 39. Zile tatu zinaandikwa kwa jina la rafiki yangu, tunagawana malipo. Nilijiambia kilo tatu si kitu.

Kulikuwa na shosho mmoja mwenye miti michache. Kahawa yake ililetwa na kijana wake kwa baiskeli. Yeye mwenyewe alikuja siku ya malipo, na hakukosa kuniambia, "Asante karani, Mungu akubariki." Hiyo baraka ndiyo ilikuja kunitesa.

Nilipookoka nikaanza kutoa. Karo, unga, mabati ya kanisa, harambee zote niko mbele, napigiwa makofi. Nilisaidia watu wote isipokuwa wale niliowaibia. Nikimwona yule shosho barabarani, navuka ng'ambo.

Sasa someni tena Luka 19:8. Zakayo alitamka mambo mawili na sisi huyasikia kama moja. Nusu ya mali ni ya maskini: hiyo ni sadaka. Aliowadhulumu atawarudishia mara nne: hilo ni deni. Mimi nilishika la kwanza nikanyamazia la pili. Halafu fungueni Hesabu 5:5-8. Mtu aungame, arudishe kile kitu chote, aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Kama huyo hana jamaa wa kupokea, ndipo inamwendea kuhani. Mimi nilianzia kwa kuhani!

Wazee wetu wa uamsho walilijua hili. Ule moto wa Rwanda na Uganda ulipoingia Kenya mwaka 1937, mtu akiokoka alirudisha alichoiba, hata kama ni kwa mwajiri ambaye hakuwa na habari. Watu waliwacheka. Na kwa wazee wa Njuri Ncheke huko Meru, hata kabla ya Injili, aliyekosea hakuambiwa akafanye wema mahali pengine. Alilipa kwa mifugo.

Kwa hiyo ndugu yangu, sidharau hatia. Bila hiyo nisingetoa hata shilingi. Ila inakupa nguvu ya kutembea bila kujali umeelekea wapi, na mimi nilitembea sana, nikizunguka boma moja.

Mwezi uliopita nilienda kwa shosho. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku kucha, na sehemu ya tano juu yake, pesa iko kwa bahasha. Nikamweleza yote. Alikaa kimya, akaangalia ile bahasha, hakuishika.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilikuwa napima kwa debe hapa nyumbani, naona kilo za karatasi ni chache. Nikajua ni kijana wangu anauza njiani. Nilimfukuza hapa akienda kulia."

Hilo halikuwa kwenye hesabu yangu, wapendwa. Sijui mara nne yake ni ngapi.

Mwishowe bahasha aliichukua, akaiweka chini ya kikombe. Akaniambia kijana yuko Maua, anafunga miraa, na simu yake hapokei. Nikamwuliza kama naweza kwenda. Akasema, "Nenda. Umwambie wewe, mimi hawezi kuniamini."

Naondoka Jumamosi na gari la asubuhi. Mniombee.