Paa Jipya Linahitaji Ukingo

Fungu: Kumbukumbu la Torati 22:8

Niliposema tutasoma sheria ya ujenzi, wengine mlicheka. Hebu tuangalie. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akijenga nyumba mpya, azungushie paa ukingo, asije mtu akaanguka na hatia ya damu ikaikalia nyumba hiyo. Mapaa yao yalikuwa tambarare, watu walipumzika kule juu. Mungu hakatazi nyumba mpya. Anamuuliza mwenye nyumba: na mgeni wako akianguka?

Sasa nije kwetu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mama mjane kijijini akapokea pesa bila kungoja basi limletee bahasha. Hiyo ni baraka, semeni amina. Baadaye zikaja programu za mikopo ya simu. Mimi mchungaji wenu nilikopa shilingi 3,000 mwaka wa 2019, karo ilikuwa imenibana. Nikachelewa siku nne tu. Wakampigia mama mkwe wangu! Kumbe walikuwa wamechota nambari zote kwa simu yangu. Hiyo Krismasi kula kwake kulikuwa kugumu, wacha niwaambie. Mwaka wa 2022 ndipo zikaja kanuni: wakopeshaji hao wapate leseni ya Benki Kuu, na wasiwasumbue jamaa na marafiki wa mkopaji bila idhini. Ukingo umejengwa, lakini watu walikuwa wameshaanguka.

Mwezi jana kijana wetu mmoja, fundi wa programu, alikuja niombee kazi yake: pikipiki za mkopo kwa wanabodaboda. Nikamuuliza, "Mwanangu, mtu akishindwa kulipa?"

"Pasta, tunaizima pikipiki kutoka ofisini."

"Hata akiwa amebeba mama mjamzito usiku?"

Akanyamaza. Sikuweka mikono juu ya hiyo laptopu. Aliondoka amekasirika, nami nikakosa usingizi, kwa sababu kipawa kile ni cha Mungu, kama cha Bezaleli, na huenda nilikuwa nimekivunja moyo.

Jumanne alirudi. Sasa pikipiki haizimwi ikiwa safarini, na mwenyewe anaonywa siku tatu mbele. Riba bado tunabishana.

Jumatano hii saa kumi na mbili jioni atatueleza mwenyewe. Wanaboda wa kanisa, njooni mumuulize maswali magumu. Tukimaliza, tutamwombea.