Lengo la Shule ni la Nani?

Katika zama za misafara iliyotoka pwani kwenda bara, mtu aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Hakuwa mwenye bidhaa. Alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi, mara nyingi akichaguliwa nao wenyewe, na sifa yake kubwa ilikuwa kuijua njia. Neno hilo ni ndugu wa neno letu kiongozi, na yafaa tulikumbuke kila tusikiapo kwamba walimu wakuu wameitwa kufundishwa uongozi.

Mafunzo hayo si jambo geni katika Afrika Mashariki; chuo cha MANTEP kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1979 kwa ajili hiyo hiyo, na sasa huitwa ADEM. Wala hapana ubishi kwamba yanahitajika. Mwalimu hodari wa hesabu hupandishwa cheo, na siku ya pili hutakiwa kutunza fedha, kupatanisha walimu na kusimamia ujenzi wa vyoo. Lakini siku hizi huambiwa zaidi ya hayo: aijenge shule iwe jumuiya yenye lengo. Hapo suala si la utawala tu, bali ni la maadili. Lengo hilo ni la nani?

Tuitazame West Nile. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Leo wao ndio wenyeji wa wakimbizi: Lobule, wilayani Koboko, pana watu wa Kongo, Rhino Camp, si mbali na Arua, pana watu wa Sudan Kusini. Mzazi mmoja husema Kilugbara, wa pili Kikakwa, wa tatu Kinubi au Kilingala, na wengi wao hukutana sokoni kwa Kiswahili. Nalo lengo la shule limeandikwa ukutani kwa Kiingereza, kwa rangi nzuri. Nani alilijadili?

Mtu atasema wazazi hawaji mikutanoni. Ni kweli, ila ina chanzo chake. Mwaka 1997 Uganda ilipoondoa karo katika shule za msingi, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo wazazi wengi walianza kuiona shule kuwa mali ya serikali, na mwenye kuiona hivyo hana haja ya kuulizwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inawapa wazazi nafasi katika kamati ya usimamizi, lakini kiti peke yake hakimpi mtu kauli.

Hata hivyo, nisingependa kusema kwamba kila linalotakwa na wengi ni haki. Ikiwa wazazi wataona binti wa darasa la sita amekwisha kufaa kuolewa, mwalimu mkuu apige kura nao? Hasha. Apinge, hata akibaki peke yake. Na hapa mfano wangu wa kirangozi unachechemea, kwani yeye hakuchagua mwisho wa safari, aliuchagua tajiri. Bali kupinga jambo ovu ni tofauti na kuwatungia watu matumaini yao. La kwanza ni wajibu wa mwalimu mkuu. La pili hana haki nalo, hata angekuwa na vyeti kumi vya uongozi.

Kwa hiyo, kabla ya kumfunza mwalimu mkuu namna ya kuandika lengo, afunzwe kuuliza, tena kwa lugha ambayo anayeulizwa anaweza kukasirikia ndani yake. Mzazi asiyeweza kubisha hajakubali, amenyamaza tu. Sisi walimu wa Kiswahili tunahusika moja kwa moja, maana huitwa kutafsiri mikutano hiyo. Tusipokuwapo, huitwa mtoto. Husimama kati ya baba yake na mwalimu mkuu, akitafsiri maneno ambayo mara nyingi yanamhusu yeye mwenyewe, na hakuna ajuaye ni yapi ameyaacha.