Kabla Hajajaza Fomu

Mwanafunzi wa kidato cha nne Tanzania anayetamani udaktari, akichagua tahasusi ya CBG, isiyo na Fizikia, anajifungia njia bila kujua: shahada ya udaktari wa binadamu humdai anayetoka kidato cha sita ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Wapo wanaoligundua hilo matokeo yakishatoka. Inauma, maana hawakupungukiwa akili. Walikosa mtu wa kuwaambia mapema.

Sifa za kujiunga na kila kozi ya shahada zimeandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Vyuo vya kati vina mwongozo wao, wa baraza linalovisimamia (NACTVET), na hapa wazazi wengi tunakosea tunapovidharau: stashahada ya uuguzi au ya ufundi umeme humpa kijana kazi ya heshima, na akitaka shahada baadaye njia ipo.

Nyaraka nazo zisingoje. Kwa anayeomba mkopo wa masomo, Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

Mwalimu, mzazi, na wewe kaka au dada uliyekwisha kupita chuoni: kaa na kijana wako wiki hii, mfungue miongozo hiyo pamoja.